Chai ya Baridi kwa Kazi ya Shamba

Katika mazungumzo haya tumezoea kusema juu ya mbegu, mbolea, palizi na wadudu waharibifu. Leo tunaliweka jembe chini kidogo, tumtazame mwenye jembe. Tunataka kuzungumza juu ya kitu anachokunywa mkulima saa nne ya asubuhi, jua likiwa limekwisha panda na mstari wa palizi bado mrefu mbele yake. Kitu hicho ni chai ya baridi.

Najua wengine wenu mmekwisha cheka. Chai ya baridi? Chai ikipoa si humwagwa jamani? Mzee akiletewa chai iliyopoa huona amedharauliwa. Na ni kweli kabisa, chai iliyopoa kwa kusahauliwa ni kitu kibaya. Ina ukakasi, ina utando juu, na ikiwa ni ya maziwa ndiyo usiseme. Lakini chai iliyopoa na chai ya baridi ni vitu viwili mbalimbali. Ndizi iliyoachwa ikaoza si sawa na ndizi iliyovumbikwa ikaiva. Chai ya baridi hutengenezwa tangu mwanzo kwa nia ya kunywewa baridi, na ina njia yake.

Kabla hatujafika kwenye njia hiyo, tujiulize: mkulima hunywa nini shambani? Wako wanaobeba dumu la maji kutoka nyumbani. Wako wanaoteremka bondeni na kunywa maji ya kijito kwa viganja. Wako pia wasiokunywa kitu mpaka adhuhuri, halafu wanashangaa kwa nini kichwa kinauma na mikono imekuwa mizito. Mwili unaolima juani hutoa jasho jingi, na jasho ni maji. Mtu afanyaye kazi nzito katika joto kali anahitaji kikombe kimoja cha kinywaji kila dakika 15 au 20, asingojee mpaka koo likauke. Ukiona mkojo wako umekuwa wa rangi nzito kama ya majani ya chai yaliyokolea, ujue umekwisha chelewa kunywa.

Sasa maji hayo ni maji gani? Hapo ndipo penye shida. Hakuna mtu mzima asiyejua kwamba maji ya mto na ya kisima kisichofunikwa yafaa kuchemshwa. Tulikwisha ambiwa zamani. Mwaka 1973 palikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya, na watu wazima wapatao milioni mbili wa Tanzania walikaa vikundi vikundi kando ya redio na kujifunza jinsi ya kuepukana na maradhi kama kuhara damu, minyoo na malaria. Miaka mingi imepita tangu siku zile. Hata hivyo Agosti 2015 kipindupindu kilizuka Dar es Salaam, kikasambaa katika mikoa mingi ya Bara na kufika hata Zanzibar. Elimu ilikuwapo. Lakini kujua ni kitu kimoja na kunywa ni kitu kingine.

Kwa nini mtu anayejua ubaya wa maji mabichi huyanywa hata hivyo? Mwulize naye atakujibu bila kuficha: maji ya kuchemsha hayana ladha, tena yananuka moshi. Hasemi uwongo. Maji yakichemka hewa iliyokuwa ndani yake hutoka, nayo huwa kama yamelala mdomoni. Yakichemshwa kwa kuni katika sufuria isiyo na kifuniko, moshi nao huingia. Ndiyo sababu utakuta katika nyumba nyingi maji ya kuchemsha yamewekwa kwa ajili ya mtoto mchanga na mgeni, na wengine wote wanachota mtungini maji yaleyale ya kisimani.

Hapo ndipo chai inapotufaa. Mtu anayekataa maji ya kuchemsha hakatai chai. Mpe chai ya baridi yenye limau na sukari kidogo, atakunywa kikombe cha kwanza, atakunywa na cha pili, wala hatajua kwamba umemnywesha maji ya kuchemsha. Lakini tuelewane vizuri hapa: si jani la chai linaloua vijidudu. Ni moto. Chai iliyotengenezwa kwa maji ya vuguvugu ni maji mabichi yaliyopakwa rangi.

Basi tuanze na moto. Weka sufuria safi jikoni, ifunike, maji yachemke kweli, mapovu makubwa yapande kutoka chini kwa fujo, na yaendelee hivyo kwa dakika moja nzima. Kwa ndugu zetu wa nyanda za juu, wale wanaokaa kwenye mwinuko unaopita meta 2,000, kama sehemu za Makete na Kitulo, au kule Limuru kwa jirani zetu wa Kenya, iwe dakika tatu. Sababu ni kwamba huko juu maji huchemka kabla ya kufikia joto linalofikiwa pwani. Tanga maji huchemka kwenye nyuzi 100, lakini kwenye mwinuko wa meta 2,000 huchemka kwenye nyuzi 93 hivi. Mapovu ni yaleyale, moto ni pungufu. Kwa hiyo tunaongeza muda.

Mama wa nyumbani atasema, kuni je? Swali la haki kabisa, maana anayezitafuta kuni ni yeye. Ushauri wetu ni kwamba kazi hii ifanywe jioni, moto wa chakula cha usiku ukiwa bado unawaka. Ukiepua ugali, maji ya chai yapande. Ikiwa kuni ni chache mno, chemsha nusu tu ya maji unayohitaji, utengeneze chai kali, kisha uizimue kwa maji yaliyotiwa dawa ya klorini na kungojewa nusu saa kama maelezo ya kwenye chupa ya dawa yasemavyo. Angalia lakini: dawa itiwe kwenye maji matupu, tena yaliyochujwa. Usiitie dawa ndani ya chai yenyewe, kwa sababu chai huila nguvu ya dawa kabla haijawagusa vijidudu.

Haya, maji yamechemka. Hapa tunaachana na desturi ya nyumbani. Sisi tumezoea kutia majani sufuriani na kuyachemsha pamoja na maji mpaka rangi iwe nyekundu sana. Kwa chai ya maziwa hiyo haidhuru, kwa kuwa maziwa hufunika ukakasi. Kwa chai ya baridi inadhuru. Chai ikipoa ukakasi wake huonekana zaidi, na ile uliyoichemsha dakika kumi itakukausha ulimi kama ganda la ndizi mbichi.

Epua sufuria kwanza. Kisha tia majani, funika, na ungoje dakika tatu au nne. Zinatosha. Chai nyingi inayouzwa madukani kwetu hutengenezwa kwa mashine zinazoliponda jani, kulirarua na kulikunja, ndiyo maana inakuwa chembe ndogo ndogo na si majani marefu. Chembe hizo hutoa rangi na nguvu upesi sana. Ukizidisha muda hupati ladha zaidi, unapata ukakasi tu. Mkulima wa Rungwe, wa Mufindi au wa Lushoto, wewe uliyechuma majani mawili na kichipukizi ukayabeba mpaka kituo cha kupimia, nadhani wewe hasa hutapenda kuona kazi yako inaharibiwa sufuriani dakika ya mwisho.

Kipimo ni vijiko vinne vidogo vya majani kwa lita moja ya maji, vijiko visiwe na mlima. Wapendao kali waongeze kimoja. Dakika zikitimia, chuja kwa kitambaa safi au chujio, majani yasibaki ndani hata kidogo, kwa kuwa yakibaki yataendelea kutoa ukakasi usiku kucha.

Sukari tia wakati huo huo, chai ikiwa ya moto. Sukari haiyeyuki vizuri katika kitu baridi, na anayeitia baadaye huishia kutia nyingi, nusu yake ikalala chini ya chupa. Vijiko vinne hadi sita vidogo vinatosha kwa lita nzima. Linganisha na soda: chupa nyingi za mililita 350 huwa na sukari karibu gramu 35, ambazo ni kama vijiko saba au vinane, na hiyo ni chupa moja ambayo kijana huimaliza kwa pumzi mbili. Mwenye ugonjwa wa kisukari anywe chai yake bila sukari kabisa. Limau litamtosha.

Limau lenyewe, au ndimu, likamuliwe chai ikiwa imepoa. Nusu ya limau kwa lita ni kiasi kizuri. Usishangae ukiona rangi imebadilika ghafla, nyekundu ikawa ya dhahabu. Chai haikuharibika, ndivyo inavyofanya ikikutana na uchachu. Mkono na kisu vioshwe kwa sabuni kabla ya kukata limau, na limau lioshwe pia, kwa sababu sasa hatuna moto tena wa kutusaidia. Kila kinachoingia baada ya moto kinaingia na uchafu wake.

Kuna jambo jingine linalowatia watu wasiwasi. Wakati mwingine chai nzuri ikipoa upesi hupata ukungu, inakuwa kama maji yaliyotiwa vumbi la udongo. Wengi huimwaga. Usiimwage! Chai yenye nguvu ndiyo hasa inayofanya ukungu, na waonjaji wa chai viwandani huuona kuwa dalili ya chai bora. Ukitaka iwe safi machoni iache ipoe taratibu mezani kabla hujaipeleka mahali pa baridi, na ikiwa imekwisha pata ukungu, ongeza maji kidogo ya moto yaliyochemka, itang'aa tena.

Sasa twende kwenye kuipooza, maana wengi wetu hatuna friji, na hata mwenye friji hawezi kwenda nayo shambani.

Babu zetu waliijua kazi hii. Mtungi wa udongo una vitundu vidogo sana tusivyoviona. Maji hupenya na kutokeza nje kama jasho, upepo huyakausha, na yanapokauka huchukua joto la mtungi kwenda nalo. Ndiyo maana mtungi ulioko kivulini penye upepo huwa baridi, na ule uliofungiwa stoo huwa vuguvugu. Ndiyo maana pia mtungi uliopakwa rangi ya mafuta kwa ajili ya urembo haupoozi kitu, vitundu vyake vimezibwa. Dodoma na Shinyanga, ambako hewa ni kavu, mtungi hufanya kazi nzuri ajabu. Pwani wakati wa masika, hewa ikiwa imejaa unyevu, jasho la mtungi halikauki upesi, nao hausaidii sana. Wapwani wasinilaumu.

Je, tuimwage chai ndani ya mtungi? Hapana. Sukari na chai vitaingia katika vile vitundu, huwezi kuviosha vikatoka, na baada ya siku chache mtungi utanuka uchachu. Tia chai katika chupa yenye kifuniko, kisha chupa hiyo uitumbukize katika mtungi au chungu cha maji kilichotengwa kwa kazi hiyo tu, si ule mtungi mnaochota maji ya kunywa. Chai iliyopikwa saa moja ya usiku na kulazwa hivyo itakuwa baridi ya kupendeza alfajiri.

Njia ya pili ni ya kubeba. Funga chupa kwa kipande cha gunia au kitenge cha zamani, kiloweshe maji, na ukifika shambani itundike chupa kwenye tawi lenye kivuli, upepo uipige. Gunia likikauka liloweshe tena. Kanuni ni ileile ya mtungi. Usitazamie baridi ya friji, utapata nyuzi kadhaa tu chini ya joto la hewa, lakini kwa mtu aliyelima tangu alfajiri nyuzi hizo chache zina thamani kubwa. Mwalimu mmoja wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, katika miaka ya 1990 alichukua kanuni hiyohiyo akaweka chungu ndani ya chungu na mchanga mbichi katikati, akahifadhi mboga zisioze upesi, na mwaka 2000 akapewa Tuzo ya Rolex kwa kazi hiyo. Vyungu viwili na mchanga, basi. Mwenye vyungu viwili nyumbani anaweza kujaribu kesho, na chupa za chai zikakaa humo pamoja na nyanya.

Tuseme kidogo juu ya barafu. Wamarekani hunywa sehemu kubwa ya chai yao baridi, tena na barafu. Husimuliwa kwamba mwaka 1904 katika maonyesho makubwa huko St. Louis, bwana mmoja aitwaye Richard Blechynden alikuwa akiitangaza chai ya moto, lakini joto lilikuwa kali na watu walimpita tu, mpaka alipoipoza chai yake kwa barafu ndipo wakamjia kwa wingi. Si yeye aliyeigundua. Kitabu kimoja cha mapishi cha Marekani cha mwaka 1879 kilikwisha kueleza habari za chai ya barafu. Lakini hadithi inatosha kuonyesha kwamba chai ya baridi ni kinywaji cha watu wenye joto na kiu, si cha matajiri.

Kwetu, barafu hupatikana siku hizi hata katika vijiji vingi vyenye umeme. Watu wanagandisha maji katika vifuko vya plastiki na kuuza. Sasa nisikilize vizuri, ndugu mkulima. Kuganda hakuui vijidudu vya maradhi. Wengi wao hulala tu ndani ya barafu, na barafu ikiyeyuka katika kikombe chako huamka. Utakuwa umechemsha chai kwa uangalifu wote, halafu unaitilia donge la maji ya mferejini yasiyochemshwa. Kama hujui barafu ilitengenezwa kwa maji gani, usiitie ndani ya chai. Iweke nje, izungushie chupa, itapooza vilevile. Na kama friji ni yako, gandisha maji uliyoyachemsha mwenyewe. Utakapotumia barafu ya kuyeyuka ndani, pika chai kwa nusu ya maji na majani yaleyale vijiko vinne, ili barafu ikiyeyuka chai isiwe maji matupu.

Wako vijana wanaouliza: kuna haja gani ya moto wakati jua lipo? Mtu anaweka majani na maji katika chupa, anaianika juani, mpaka mchana chai imekolea. Rangi itatoka, hilo sikatai. Lakini maji ya chupa iliyoanikwa hivyo hufika kama nyuzi 54, joto ambalo vijidudu vingi hulistahimili na vingine hulifurahia. Wengine watanijibu kwamba mabwana afya hutufundisha kuanika maji juani. Ndiyo, lakini hayo ni maji meupe matupu, katika chupa angavu ya plastiki isiyozidi lita mbili, juani saa sita wakati anga ni safi, au siku mbili kukiwa na mawingu. Kinachofanya kazi pale ni miale ya jua kupenya majini. Ukitia majani ya chai umeizuia miale kwa pazia. Anika maji kwanza, kama ndiyo njia yako. Chai iwe baadaye.

Chombo cha kubebea. Hapa sitabembeleza. Dumu au chupa iliyokuwa na dawa ya pamba, dawa ya kahawa, dawa ya magugu au dawa ya kuogeshea mifugo haifai kubebea chai, haifai kubebea maji, hata ukiiosha mara kumi kwa sabuni na mchanga. Plastiki hunywa dawa na kuitoa kidogo kidogo. Mtu haanguki siku hiyo, ndiyo maana huona haina neno. Chupa hizo zitobolewe ili asije mwingine akazichukua. Na upande wa pili wa jambo hilohilo: chai isiwekwe katika chupa ya soda ikaachwa karibu na chupa za dawa, kwa sababu dawa nyingine rangi yake ni kama chai kabisa, na mtoto hasomi maandishi.

Chai ya baridi hukaa muda gani? Bila friji, ile iliyopikwa jioni imalizwe kabla ya adhuhuri ya kesho yake, na ikiisha kutundikwa juani hata mapema zaidi. Ndani ya friji siku moja, mbili zikizidi. Ukiifungua ukaona povu, au inavutika kama ute wa bamia, au inanuka uchachu ambao si wa limau, mwaga. Chai yenye sukari ni chakula, na vijidudu navyo hula. Maziwa usitie kabisa katika chai ya kubeba. Maziwa katika chupa yenye vuguvugu ni hatari kuliko maji ya kijito uliyoyakimbia, na yakikutana na limau yatakatika hapo hapo.

Chupa ioshwe kila siku kwa maji ya moto na sabuni, na shingo yake isuguliwe, maana hapo ndipo midomo yote imepita. Bora zaidi kila mtu awe na kikombe chake.

Limebaki jambo moja kubwa. Wengine mmewahi kuona chai iliyotiwa katika kopo lenye kutu au sufuria ya chuma inageuka nyeusi kama wino. Kinachotokea ni kwamba ule ukakasi wa chai umeyashika madini ya chuma yaliyomo katika kopo. Sasa basi, jambo la namna hiyo hiyo hutokea tumboni. Maharage, mchicha, kisamvu na dagaa vina madini ya chuma ambayo mwili huyatumia kutengenezea damu. Ukiteremshia chai pamoja na chakula, ukakasi huyashika madini, hasa yale ya maharage na mboga, na sehemu yake kubwa hutoka nje bila kukufaa. Umelima mchicha, umeupika, umeula, halafu chai imekunyang'anya.

Kwa hiyo chai ya shambani inywewe katikati ya milo. Maliza kula, ngoja saa moja au mbili, ndipo unywe chai. Pamoja na chakula kunywa maji safi. Na limau lako lisaidie mboga badala ya chai, kwa kuwa limau huusaidia mwili kuyapata madini hayo. Mama mja mzito, na mama aliyejifungua akapoteza damu, wawe waangalifu zaidi ya wote, wala wasinywe nyingi. Watoto wadogo hawahitaji chai. Wao wapewe maji yaliyochemshwa. Ukitaka yawe na ladha, yamimine mara kadhaa kutoka chombo kimoja safi kwenda kingine, hewa itarudi, nayo hayatalala tena mdomoni.

Au watengenezee ya mchaichai. Mchaichai hauna ukakasi ule wa chai, unaota pembeni mwa bafu bila kuombwa, na ukitia kiganja cha majani yaliyooshwa katika lita ya maji yanayochemka, ukaacha dakika kumi, unapata kinywaji chenye harufu nzuri ambacho baridi yake ni tamu kuliko moto wake. Tangawizi iliyopondwa inafaa vilevile. Rosela, ambayo wengine huiita choya, hutoa rangi nyekundu na uchachu wake wenyewe, haihitaji limau. Kwa hayo yote kanuni za moto, chupa na gunia ni zilezile. Lakini mtoto akiwa anaharisha, hivi vyote weka kando. Huyo anahitaji maji ya chumvi na sukari ya pakiti kutoka zahanati, na anahitaji kupelekwa.

Msikilizaji mmoja aliyekuwa hapa studio kabla hatujaanza aliniuliza kama lita moja inatosha kwa siku. Haitoshi. Mtu mmoja anayelima mpaka adhuhuri katika joto anahitaji lita kadhaa, kwa hiyo chupa ya chai iende pamoja na dumu la maji yaliyochemshwa. Chai huvuta mtu anywe mapema, maji yanamalizia kazi. Tena wasiozoea chai kali wasiinywe jioni, isije ikawanyima usingizi na kesho kuna palizi.

Makapi ya majani uliyoyachuja yamwage katika shimo la mboji, yataoza upesi.